Shamba Lisilo na Tundu

Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini mtu wa kwanza kumwagilia vitunguu kwa pampu ya petroli katika upande wetu wa bonde la Lambwe ni mimi. Wako wanaodai ni wao. Waulize hiyo pampu walijifunza kuiwasha kwa nani.

Hayo ni mambo ya miaka ya tisini, miaka michache kabla ya ile mvua ya El Nino. Kabla ya kuwa mkulima nilikuwa fundi wa baiskeli Migori mjini, na nilikuwa fundi kweli, si wale wa kugonga gonga. Rimu iliyopinda niliinyoosha kwa macho tu, nikifumba jicho moja. Mke wangu alikuwa na cherehani kwenye veranda hatua chache kutoka kibandani kwangu. Yeye ni Mkuria wa upande wa Kehancha na mimi ni Mjaluo, kwa hiyo nyumba yetu ilijengwa kwa Kiswahili. Tulipendana kwa Kiswahili na tukagombana kwa Kiswahili, na mpaka leo hesabu za moyoni nazifanya kwa Kiswahili.

Siku niliyofunga kibanda niende kulima, niliwaambia mafundi wenzangu kwa sauti ya kusikika mpaka stendi: "Mkinitafuta, fuateni harufu ya vitunguu!"

Mmoja akanijibu bila kuinua kichwa kwenye gurudumu lake: "Sawa, bosi. Nafasi yako tutakuwekea. Utarudi."

"Nafasi yangu wekeni mbuzi," nikamwambia. "Na hizi mbao zangu choma, upikie chai."

Akazichoma kweli. Walicheka wote, nami nikacheka kuwazidi. Baadaye nilikuja kulikumbuka neno hilo mara nyingi, maana mtu akishasema hivyo, hana tena pa kurudi.

Shamba lenyewe lilikuwa la mzee mmoja wa Lambwe, mtu wa ng'ombe, Msabato wa kukaa kiti cha mbele kanisani. Tulijuana kwa sababu nilikuwa namtengenezea baiskeli yake kila alipokuja Migori. Alikuwa na kipande cha chini karibu na korongo, udongo mweusi ule wa kushika viatu, hakitumii. Akanipa nilime, na sharti lake lilikuwa moja.

"Ja-Migori," alisema, yaani mtu wa Migori, maana ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza hadi alipokufa, "mimi sitaki pesa yako. Hii shamba ikikaa na kitu ya kijani, lima mpaka uzeeke. Siku itakaa uchi, inarudi kwa ng'ombe yangu. Tumeelewana?"

Nikampa mkono mbele ya mke wake. Uchi! Mimi niliyenyoosha nusu ya baiskeli za Migori, shamba langu likae uchi?

Nilichimba kisima, nikapata maji mapema. Yalikuwa na ladha ya mbali kidogo, kama maji yaliyokaa kwenye chungu kipya, lakini nani anajali? Pampu niliinunua kuukuu Homa Bay, nikaifungua yote na kuifunga upya, ikaimba. Nikajaza mapipa, halafu nikatoboa debe kwa misumari chini, likawa mvua yangu. Asubuhi nanyunyiza kidogo, jioni nanyunyiza kidogo. Sikukosa hata siku moja, isipokuwa Jumamosi kwa heshima ya mzee. Nilikuwa na falsafa yangu: mmea ni kama mgeni, humpi sufuria nzima ya chai, unampa kikombe na baadaye kikombe tena. Na petroli haikupotea hata tone. Kila tone la maji lilikaa juu pale, kwenye mmea, sikuruhusu liende kokote.

Msimu wa kwanza nilifanya maajabu. Vitunguu kama ngumi. Sukuma wiki ya majani mapana mpaka ungeweza kujikinga mvua. Akina mama wa soko la Homa Bay walikuwa wananipokea hata kabla sijashusha magunia, mmoja akiniita "mkwe wangu" na mwingine "mwanangu," na mimi nikiwatania wote.

Msimu wa pili udongo ukaanza kuota mvi.

Sijui niseme vipi tena. Asubuhi unakuta juu ya matuta kitu cheupe, chembamba kama unga uliomwagika. Nikafurahi! Nikamwita mke wangu, wakati huo akiwa na mimba ya mtoto wetu wa pili.

"Unaona? Mbolea imekuwa nyingi mpaka inapanda juu."

Akachukua kidogo kwa kidole, akagusa ulimi. "Baba, hii ni chumvi."

"Wewe ni wa cherehani, mimi ni wa shamba."

Maharagwe yakawa ya kwanza kuondoka. Majani yaliungua pembeni, kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Nikaona yana kiu, nikaongeza vikombe: asubuhi, mchana, jioni. Weupe ukazidi. Vitunguu vikabaki vidogo kama vifungo vya shati. Basi nikachukua ufagio. Ndiyo, ufagio wa nyumba. Nikawa nafagia shamba kila asubuhi, nakusanya ule weupe kwenye karai na kuumwaga nje ya ua. Mke wangu alikuwa anasimama mlangoni na mkono kiunoni.

"Baba, umemaliza shambani? Nenda ukafagie na korongo."

Kufagia kulisaidia siku mbili. Siku ya tatu weupe ulikuwa umerudi, tena mnene zaidi.

Halafu wakaja ng'ombe. Sasa hapa mtu asiye wa huku lazima nimweleze. Ng'ombe wa kwetu wanahitaji chumvi ya ardhini, ile tunayoiita bala. Si kila mahali ipo, na wachungaji wanawapeleka mbali, siku nzima kwenda na kurudi, ili walambe tu. Asubuhi hiyo nilikuta ua umevunjwa na ng'ombe sita wa mzee wamo ndani, wakiongozwa na jike mmoja wa kijivu mwenye pembe moja iliyovunjika. Sukuma wiki iliyobaki ilikuwa pale pale miguuni pao. Hawakuigusa. Wameinamisha vichwa, wanalamba udongo wangu kwa ulimi mrefu, macho wamefumba nusu kama watu kanisani.

Mzee akafika akitembea polepole na fimbo yake. Nikawahi kusema kabla hajasema: "Mzee, unaona udongo wangu ulivyo mtamu? Hata ng'ombe wanajua!"

Akasimama akatazama kwa muda. "Yawa, Ja-Migori," akasema, na hakuwa amekasirika, ndilo lililonitisha. "Mimi natembeza hii ng'ombe mpaka miguu inauma kutafuta bala. Na wewe umenitengenezea bala nyuma ya nyumba."

"Ni jambo la muda tu, Mzee."

"Mvua fupi inakuja. Mvua ikianza na hapa bado ni nyeupe, hii ni ya ng'ombe. Nilikuambia. Tulipeana mkono." Akaanza kuwatoa ng'ombe, halafu akageuka. "Usifikirie ni ubaya. Wewe ni fundi mzuri sana wa baiskeli."

Huyo mzee angenitukana ningelala vizuri. Lakini kusifiwa ubaiskeli wangu katikati ya shamba! Nikaona kile kibanda cha Migori ambacho mbao zake zilipikia chai, nikaona mbuzi aliyefungwa kwenye nafasi yangu. Mke wangu alikuwa ameacha veranda nzuri, yenye wateja, akanifuata bondeni kwenye mbung'o kwa sababu nilimwambia najua ninachofanya.

Mtoto akazaliwa salama, na mama mkwe wangu akaja kutoka Kehancha kumwona.

Hapa pia nieleze. Kwetu na kwa Wakuria jambo hili ni moja: mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamketi chumba kimoja, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anapisha na kutazama miti. Kulala kwako ndiyo kabisa haiwezekani, kwa hiyo alikuwa analala kwa mzee, na mke wa mzee alifurahi kupata mtu wa kuchambua naye mboga. Mchana alikuja kumsaidia binti yake, na mimi nikawa mtu wa kuzunguka nyuma ya nyumba kama mwizi wa kuku katika boma langu mwenyewe. Maneno yote baina yetu yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa hatua kumi tu, mama ameelekea ukutani na leso kichwani.

Siku ya pili tu, ujumbe ukaja.

"Mama anasema shamba lako halina tundu."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. "Halina nini? Mwambie mama hili ni shamba, si sufuria."

Mke wangu akageuka, akasema Kikuria, akasikiliza, akanirudia. "Anasema ndiyo. Ni sufuria."

"Mwambie asante. Mwambie mkwe wake ana pampu."

Kikuria tena, kirefu zaidi. "Anasema pampu ameiona. Anaona maji yanavyoingia. Anauliza yanatoka kupitia wapi."

"Yatoke kwenda wapi? Nimeyanunua kwa petroli!"

Huyo mama hakuleta ujumbe mwingine. Lakini kesho yake asubuhi, nikienda kwenye pampu, nikakuta sufuria mbili kuukuu katikati ya njia yangu. Karibu nizipige teke. Zote zilikuwa na udongo mweusi, na nikautambua ni wangu kwa ule weupe. Zote zilikuwa zimejazwa maji. Moja niliifahamu: ndiyo aliyokuja nayo kutoka kwao, iliyotobolewa matundu chini, ya kuchujia majivu ya maganda ya maharagwe ili apate magadi ya kulainishia mboga. Ilikuwa imekaa juu ya mawe matatu, inadondosha maji kwenye bakuli, to, to, to. Ya pili ilikuwa nzima, imekaa chini juani.

Nikapita. Mimi ni mtu wa kazi. Lakini mchana nilipopita tena, mtu alikuwa ameongeza maji kwenye ile ya matundu na kubadilisha bakuli. Jioni tena. Siku ya pili mabakuli yalikuwa matatu yamepangwa kwa mstari, na sufuria nzima ilikuwa imekauka. Nikaangalia kama kuna mtu. Hakuna. Nikachuchumaa.

Ile nzima, isiyo na tundu, ilikuwa na mduara mweupe pembeni na weupe juu ya udongo, kama shamba langu lilivyo, hata nyufa zilikuwa zile zile. Ile ya matundu, udongo wake ulikuwa mweusi, safi, wa kutamanika. Nikachovya kidole bakuli la kwanza: chumvi kali, ya kukunja uso. La pili, nusu yake. La tatu, maji tu, kama ya kisima changu.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Debe langu nililitoboa mwenyewe kwa misumari. Matundu ya kuingizia maji niliyaweka, ya kuyatoa sikuyaweka. Maji yangu yote yalikuwa na chumvi kidogo, kidogo sana, na kila siku nilikuwa namwaga kikombe, jua linakunywa maji, chumvi inabaki. Kikombe, jua, chumvi. Nilikuwa nimepika shamba langu taratibu kama mtu anayepika magadi, kwa bidii, bila kukosa siku.

Nikaenda kwa mke wangu. Mama alikuwa jikoni, ameshageukia ukuta.

"Mwambie mama," nikasema, "mtaro uende upande gani?"

Hakungoja kutafsiriwa. Mkono ulitoka chini ya leso, ukaelekeza korongoni.

Mtaro ule niliuchimba kwa mikono hii. Ulikuwa wa kufika kiunoni, kutoka juu ya shamba mpaka korongoni, katika udongo ambao ukiwa mkavu unavunja jembe na ukiwa na maji unameza jembe. Nilivunja mipini miwili. Halafu nikachimba mitaro midogo ya kuingia kwenye mkubwa, kama mifupa ya samaki. Nikagawanya shamba kwa kingo ndogo ndogo kuwa majaruba, nikawasha pampu, na badala ya vikombe nikajaza. Majaruba yakawa madimbwi. Maji yakaanza kushuka, na baada ya muda yakaanza kutoka mtaroni, membamba, ya rangi ya chai.

Mzee akaja akasimama ukingoni mwa korongo, mdomo wazi. "Ja-Migori, umechanganyikiwa? Shamba inakufa na wewe unamwaga maji porini?"

"Naosha, Mzee."

"Unaosha udongo?"

"Naosha udongo. Onja."

Akashuka kwa fimbo, akaonja, akatema. Kesho yake akarudi akaonja tena, na siku iliyofuata hivyo hivyo. Ikawa ni kazi yake. Mama mkwe naye alikuwa anaonja, lakini saa ambazo mimi siko, na hukumu yake ilinifikia mlangoni: "Mama anasema bado." "Mama anasema inakaribia." "Mama anasema leo unaweza kupikia chai."

Nikachanganya samadi. Nikapanda miche ya sukuma wiki, na hapa kuna siri ambayo nilikuwa nimeigundua mimi mwenyewe, bila kuambiwa na mtu: tuta linabeba chumvi kileleni. Ule weupe ulikuwa mnene juu kabisa kila mara, nimeufagia naujua. Kwa hiyo usipande kileleni, panda begani mwa tuta, upande wa maji. Nikafunika udongo kwa nyasi kavu ili jua lisivute. Na kunyunyiza kila siku nikaacha. Namwagilia baada ya siku kadhaa, namwagilia mpaka chini, na kila baada ya mara chache naongeza maji mengine ambayo si ya mmea, ni ya mtaro. Petroli iliniuma, sisemi uongo. Lakini mgeni akishakunywa chai, lazima pia aonyeshwe choo kiko wapi. Hiyo ndiyo falsafa yangu mpya, na ni bora kuliko ya kwanza.

Mawingu yakaanza kujikusanya upande wa ziwa. Jumapili moja mzee akaja, na hakuja peke yake. Alikuwa anamvuta kwa kamba yule jike wa kijivu mwenye pembe moja.

"Mimi macho yangu ni ya uzee," akasema. "Majani naiona ni kijani, lakini hata mara ya kwanza ilikuwa kijani. Hii ng'ombe haijui kudanganya. Akilamba, chumvi bado iko, na itarudi juu, na mimi sitaki kukungoja tena. Ni haki?"

"Ni haki."

Nikaondoa nyasi kwenye kipande kati ya matuta mawili, udongo ukabaki wazi. Mke wangu akatoka na mtoto mgongoni. Nyuma ya pembe ya jiko niliona ncha ya leso, nikajifanya sijaona. Mzee akafungua kamba.

Jike akaingia kama anavyoingia kwake. Alikuwa anapajua mahali pale, alipalamba kabla ya wote. Akaenda moja kwa moja kwenye udongo ulio wazi, akainama, akapuliza. Nikaona ulimi ukitoka, ule ulimi mrefu. Ukagusa. Akatulia. Akanusa tena hatua moja mbele, akagusa tena, akatikisa masikio kama mtu aliyepewa uji usio na sukari.

Halafu akageuza shingo na kung'oa mche mzima wa sukuma wiki, na mizizi yake.

"Wewe!" Mzee akainua fimbo.

"Mwache!" nikapiga kelele. "Mwache ale, Mzee! Ongeza, ng'ombe, ongeza! Kula na huo mwingine!"

Akala na huo mwingine. Nikawa naruka ruka kwenye tuta langu mwenyewe kama mtoto, na kutoka nyuma ya jiko nikasikia kitu ambacho mkwe hapaswi kukisikia, mama akicheka kwa sauti, akijaribu kujiziba na leso na kushindwa.

"Hiyo ilikuwa mboga ya leo," mke wangu akasema, lakini naye machozi ya kicheko yalikuwa yanamtoka.

Mzee akamfunga ng'ombe wake kamba tena. "Basi, Ja-Migori. Hii ni shamba." Akanipa mkono kama siku ile ya kwanza. Halafu uso wake ukashuka kidogo. "Lakini sasa mimi nitapata wapi tena bala ya karibu? Nilikuwa nimeanza kuzoea."

Nikamshika mkono, nikampeleka mpaka mwisho wa mtaro, pale maji yanapomwagikia korongoni. Mawe yote pale yalikuwa yameshaota weupe, mnene, wa kukwaruza kwa kisu. Kila chumvi iliyotoka kwangu ilikuwa imelala pale. Yule jike akavuta kamba mpaka mzee akaiachia, akashuka, akafumba macho nusu na kuanza kulamba.

Mzee akatazama ng'ombe, akatazama mtaro, akanitazama mimi.

"Hii ulifikiria lini?"

"Tangu mwanzo, Mzee," nikamwambia. "Nilipanga hivyo tangu mwanzo."

Mke wangu akakohoa. Nyuma ya jiko nako mtu akakohoa.